Barua ya Katekista Maduhu

Padre Donatus alifika Ushirombo siku moja kabla ya mafungo kuanza. Sista Asteria, mlezi wa nyumba ya mafungo, alikuwa uani akianika mashuka alipomwona akishuka kwenye bodaboda, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, begi dogo mgongoni.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele na milele, amina. Karibu, Padre. Lakini mafungo si kesho jioni?"

"Najua. Nimeona niwahi."

Sista alimpa chumba cha mwisho kwenye safu, kwa kuwa ndicho pekee kilichokwisha kutandikwa, akarudi kwenye mashuka yake. Padre Donatus aliweka begi, akanawa uso, kisha akatoka akaenda kusimama karibu na kamba ya nguo. Akauliza habari za mvua ya mwaka ule. Akauliza habari za masista wenzake, mmoja baada ya mwingine. Akauliza kama mahindi wameuza au wameweka. Sista alijibu yote kwa upole huku akibana vibanio, na shuka la mwisho lilipokwisha alisema, "Samahani, Padre, niende nikaangalie maharage," akamwacha pale katikati ya nguo mbichi.

Hakukasirika. Alijua anaongea mno. Ukikaa muda mrefu bila kuongea na mtu, siku ukimpata unamshika kama mwenye kiu anavyoshika kata ya maji, na mwenye maji anaanza kukuogopa.

Padre huyu alikuwa mzaliwa wa Kishapu, nchi ya pamba na ng'ombe, umri wake miaka hamsini na miwili. Miaka sita nyuma Askofu alimtuma kufungua parokia mpya Nyambulwa, kijiji kilichoko ndani kabisa, mwendo wa saa moja na nusu kwa pikipiki kutoka Masumbwe. Wakati huo Nyambulwa ilikuwa haina pa kukanyaga. Mkulima mmoja aliyekuwa akichimba choo alikutana na jiwe lenye dhahabu, na kabla mwezi haujaisha rashi, mbio za kugombania dhahabu, ilikuwa imelipuka. Watu walitoka Geita, wakatoka Kahama, wakatoka Chunya. Maduara, mashimo ya dhahabu, yalichimbwa hadi kwenye viwanja vya nyumba. Karasha zilisaga mawe usiku na mchana, na mama lishe walipanga masufuria yao barabara nzima. Padre Donatus alijenga kanisa la mabati lenye kuingiza watu mia nane, na bado Jumapili ilibidi asome misa tatu. Alibatiza, alifungisha ndoa, alizika waliofukiwa na vifusi. Alikuwa analala hoi na kuamka hoi, na hakuwahi kufikiri kwamba hali ile ndiyo furaha.

Halafu dhahabu ikakata. Mwaka juzi, mwezi wa tisa, zilikuja habari kwamba kuna duara limetema dhahabu upande wa Geita, ng'ambo kabisa. Wachimbaji hawaagi. Ndani ya majuma mawili waling'oa mabati, wakang'oa milango, wakapakia karasha kwenye malori, wakaondoka. Waliobaki ni wakulima wa zamani, Wasumbwa waliokuwepo kabla ya dhahabu, kaya chache zilizotawanyika mbali mbali, na nyingi si za Wakatoliki. Jumapili kanisa la watu mia nane lilikuwa na watu kumi na watano, siku nyingine saba, wamekaa mabenchi ya mbele, na sauti ya Padre ikigonga mabati ya nyuma na kumrudia.

Alimwandikia Askofu. Askofu akajibu vizuri tu, kwamba avumilie kwanza, kwani mapadre ni wachache na Nyambulwa haiwezi kufungwa kabla jimbo halijajua mwelekeo wake. Akavumilia. Kila Alhamisi alikwenda Masumbwe, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Altaf, Mhindi mwenye ndevu za hina ambaye baba yake na babu yake waliendesha duka hilohilo. Alikuwa ananunua misumari. Hakuwa na kitu cha kupigilia, lakini huwezi kukaa kwenye kiti cha duka la mtu saa nzima bila kununua chochote. Altaf alijua, akawa anaagiza chai ya tangawizi kabla hata Padre hajaketi, na wanazungumza habari za bei ya saruji na magonjwa ya wazazi.

Na alikuwepo Maduhu, katekista wake.

Kuhusu Maduhu Padre Donatus hakupenda kufikiri sana, na hiyo ndiyo sababu aliwahi kufika mafungoni, mahali palipo na watu.

Kesho yake jioni mapadre walifika. Walikuja kwa magari na pikipiki, wanene na wembamba, wengine aliosoma nao seminari, na uwanja mzima ukajaa vicheko na kupigana mabegani. Padre Donatus aliamkia wakubwa, akaamkiwa na wadogo, akavutwa huku na huku. Kwenye chakula cha jioni akajikuta meza moja na watu watano. Alikuwa na maneno ya mwaka mzima. Aliwasimulia jinsi fisi alivyoingia sakristia. Waliangua kicheko, akafurahi. Akaongeza habari ya mnara wa simu ulioanguka, na ya kisima kilichoingia chumvi, na ya bibi mmoja anayemletea karanga. Katikati ya karanga aliona mmoja anatazama simu yake chini ya meza. Mwingine akamgeukia jirani yake wakaanza habari za shule ya parokia na basi la wanafunzi. Padre Donatus akamaliza habari ya karanga akimwambia mtu mmoja tu, naye alikuwa anaitikia kwa adabu, macho yamekwisha kuondoka.

Baada ya sala ya usiku, msimamizi wa mafungo, Padre Herman, ambaye ndiye pia makamu wa Askofu, alisimama akatangaza kwamba ukimya umeanza. Siku tano. Simu zizimwe. Mezani hakuna mazungumzo, ila kusikiliza kitabu kikisomwa. Mwenye neno la lazima aandike kwenye karatasi.

Mapadre walishusha pumzi kama watu waliotuliwa mizigo. Wao mwaka mzima walikuwa wakigongewa milango, wakipigiwa simu za wagonjwa, wakiamua kesi za kamati. Walikuja kuutafuta ukimya. Padre Donatus ndiye aliyekuwa ameukimbia, na sasa aliukuta umemtangulia, umekaa mezani unamsubiri.

Siku ya kwanza aliipita kwa shida. Mhubiri alikuwa padre mmoja mwembamba kutoka Mwanza, sauti yake ya chini, na alifundisha habari ya nabii Eliya pangoni. Mawaidha yalikuwa mazuri. Lakini baada ya mawaidha watu walitawanyika, huyu chini ya mkaratusi na Biblia yake, yule kwenye kikanisa mbele ya Ekaristi, na Padre Donatus akabaki akizunguka nyumba. Aliona migongo. Akaenda jikoni kuomba maji ya moto asiyoyahitaji. Wapishi nao walikuwa wameambiwa wasiwasemeshe mapadre, wakampa maji na kutabasamu. Alirudi chumbani, akaketi kitandani, akasikiliza maji yakipoa. Ndivyo alivyojisemea, kwamba anasikiliza maji yakipoa, na akacheka peke yake, kicheko ambacho hakikuwa na utamu.

Siku ya pili, saa ya mapumziko ya mchana, alifanya alichokatazwa. Alitoa simu kwenye begi akaiwasha. Hakuwa na mtu wa kumpigia. Mama yake alikwisha kufariki, na kaka yake aliyeko Kishapu huwa machungani saa hizo. Alitaka tu kuona kama kuna mtu aliyemtafuta.

Kulikuwa na ujumbe mmoja, wa Maduhu.

"Shikamoo Padre. Pole na mafungo. Jana tumesali watu tisa. Mama Scolastika mguu umepungua kuvimba. Mama watoto amejifungua salama kule, mtoto wa kike, kilo tatu. Nimeambiwa kwa simu. Mimi nipo, nalinda kanisa mpaka urudi. Utuombee."

Padre Donatus aliusoma, akaiweka simu kifudifudi kwenye blanketi, akaitazama kama kitu kinachoweza kumuuma.

Sasa lazima isemwe habari ya barua. Wachimbaji walipohama, Maduhu naye alipaswa kuhama. Alikuwa Msukuma wa Maswa aliyekuja Nyambulwa na rashi. Alianza kwa kubeba mifuko ya mawe, kisha Padre akamwona anavyojua kusali na watu, akampeleka chuo cha makatekista, akamrudisha na cheti. Mkewe, Mariana, alikuwa akiuza maandazi na chai kwenye maduara. Maduara yalipokufa, biashara ikafa. Mwezi wa kwanza mwaka huu Mariana alichukua watoto wawili na mimba changa, akafuata wenzake kule Geita, wakakubaliana kwamba mume atafuata mara tu atakapopata barua ya utambulisho kutoka kwa paroko wake. Bila barua hiyo, parokia ya kule haiwezi kumpokea kama katekista. Angebaki kubeba mawe tena, na mgongo wake ulikwisha kuumia.

Kuandika barua ya utambulisho hakuchukui hata nusu saa. Maduhu aliiomba mwezi wa kwanza. Padre Donatus akasema, ngoja kwanza, muhuri umekauka wino. Mwezi wa pili akasema tuingie Kwaresima, tusubiri Pasaka. Baada ya Pasaka akasema Askofu atakuja kutoa kipaimara, si vizuri akute parokia haina katekista. Askofu akaja, akaondoka. Akasema watu wavune kwanza. Watu wakavuna. Wino ulikuwepo siku zote kwenye droo, chupa nzima.

Maduhu hakuwahi kugomba. Alikuwa anakuja jioni, anaketi kwenye ngazi ya nyumba ya Padre, wanakula ugali pamoja, wanasikiliza taarifa ya habari redioni, wanabishana kidogo juu ya mpira. Kisha anasema, "Na ile barua, Padre?" Naye anamjibu. Maduhu anasema, "Haya," anakwenda kulala kwenye chumba chake kitupu. Na Padre anaingia ndani akiwa ameshiba maongezi, mwizi aliyefanikiwa.

Alikuwa hajawahi kuliita jambo hilo kwa jina lake. Sasa, kwenye chumba cha mwisho cha safu, mtoto wa kilo tatu alikuwa ameliita.

Siku ya tatu alasiri ilikuwa ya kitubio. Mapadre wanne waliketi sehemu nne kusikiliza maungamo ya wenzao. Kwa mhubiri wa Mwanza foleni ilikuwa ndefu. Kwa Padre Cornel hapakuwa na mtu. Padre Cornel alikuwa na miaka themanini na moja, mstaafu, anaishi humohumo misheni, na masikio yake yalikwisha kuondoka. Ukiungama kwake ilibidi upaze sauti, naye akijibu, anajibu kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe.

Padre Donatus alikwenda kwake. Hakwenda kwa ujasiri. Alikwenda kwa hesabu ya mwoga, kwamba atanong'ona, mzee hatasikia, atapewa ondoleo, na mambo yatakwisha. Akapiga magoti. Akanong'ona.

Padre Cornel alimtazama midomo, akatikisa kichwa. "Sisikii," alisema. "Inuka. Twende shambani."

Walitoka kwa mlango wa nyuma, mzee akitangulia na fimbo yake, wakapita zizi la nguruwe la masista, wakafika kwenye shamba la mihogo ambako hapakuwa na mtu hata kunguru. Mzee akaketi juu ya kichuguu kilicholimwa nusu. Akavaa stola yake ya zambarau juu ya sweta.

"Sasa sema. Hapa hata ukipiga kelele anasikia Mungu na mihogo."

Padre Donatus akasema. Mwanzo alisema kwa sauti ya kawaida, mzee akaweka kiganja nyuma ya sikio. Akapandisha. Akapandisha tena. Mwisho alijikuta amesimama katikati ya shamba akipaza sauti kwamba amemzuia mume wa mtu miezi minane, kwamba amedanganya habari ya wino, kwamba ametumia Kwaresima na Askofu na mavuno kama kamba, na mtoto amezaliwa baba hayupo.

"Kwa nini ulifanya hivyo?" mzee aliuliza.

"Naogopa kubaki peke yangu."

"Sema tena."

"Naogopa kubaki peke yangu, Padre."

Padre Cornel alichora kitu ardhini kwa fimbo, akakifuta kwa kiatu.

"Mimi nilikuwa na mpishi," alisema, sauti yake kubwa ikipungua kidogo. "Kule nilikokaa miaka kumi na mmoja. Nilipomaliza kula namwambia, niletee chai. Akileta chai, nasema, hebu angalia kama kuku wamefungiwa. Akirudi, nasema, kaa kidogo unieleze habari za mjini. Saa tatu, saa nne. Mke wake alikuwa anamsubiri na chakula. Siku moja mke alikuja hadi mlangoni, akasimama, hakusema kitu. Nilimwona. Siku iliyofuata nikaomba chai tena." Akainua macho. "Amekwisha kufa yule mpishi. Sikumwomba radhi. Wewe wako yuko hai?"

"Yuko hai."

"Anajua kwamba ulimzuia?"

"Hajui. Anadhani ni shughuli za ofisi."

"Basi kitubio chako ni hiki. Andika barua leo. Ukirudi, umpe mkononi, na umwambie kwa mdomo wako ni kwa nini ilichelewa. Usimwambie wino."

Padre Donatus aliinamisha kichwa. Akauliza, kwa sauti ambayo alidhani mzee hataisikia, "Na huu upweke wenyewe nifanye nao nini?"

Mzee alisikia, au alisoma midomo. "Huo sina dawa yake," alisema. "Utarudi nao nyumbani. Mimi bado ninao." Kisha akainua mkono, akamwondolea dhambi kwa sauti iliyoshtua ndege kwenye miti ya masista.

Barua aliiandika jioni ile, kabla ya masifu, kwa mkono, kwa kuwa hapakuwa na kompyuta. Ilikuwa ya aya mbili. Alieleza kwamba Maduhu ni katekista mwaminifu, mwenye ndoa, mwenye cheti, aliyehudumu Nyambulwa kwa miaka minne bila lawama. Alipofika kwenye "bila lawama" kalamu ilisimama muda mrefu.

Siku mbili za mafungo zilizobaki zilikwenda kama zilivyokwenda. Asubuhi ya sita Askofu alikuja, wakasoma naye misa, wakarudia ahadi zao za upadre wakiwa wamesimama kwa mistari, na ukimya ukafunguliwa. Makelele yakarudi mara moja. Baada ya chai ilikuwa ianze semina ya siku mbili, juu ya malezi ya ndoa na familia katika maeneo ya machimbo, na mama mmoja mtaalamu alikwisha kufunga projekta yake ukumbini.

Padre Donatus aliisikiliza hadi mchana. Yule mama alikuwa anajua anachokisema. Alionyesha kwa mifano jinsi rashi inavyotenganisha mume na mke, akawauliza mapadre, "Parokia zenu zinafanya nini kuwaunganisha?" Watu waliandika kwenye madaftari. Padre mmoja alitoa mchango mrefu. Padre Donatus alimfuata Padre Herman nje wakati wa chakula.

"Naomba ruhusa nirudi leo."

Padre Herman alimtazama kwa mshangao. "Mwaka jana uliomba ubaki siku mbili zaidi."

"Ndiyo."

"Kuna msiba?"

"Hapana. Kuna mtu nina neno lake, na limekaa sana."

Padre Herman alikuwa mtu wa taratibu, na semina ilikuwa ya lazima. Lakini kitu usoni mwa mwenzake kilimfanya asiulize tena. Alimruhusu, akamwambia asaini kwenye karatasi ya mahudhurio kabla hajaondoka.

Masumbwe alipita dukani kwa Altaf, kwa kuwa pikipiki ya Nyambulwa ilikuwa bado haijapata abiria wa pili. Altaf akaagiza chai. Padre akasema leo hapana, anatafuta nguo ya mtoto mchanga, inauzwa wapi? Altaf hakumwelekeza. Alimwita shemeji yake Gulnaz, mwenye duka la vitambaa mlango wa pili, naye Gulnaz akatoa kiblanketi cha njano na kofia mbili za kufuma. Alimfungia kwenye karatasi, hakuuliza mtoto ni wa nani.

Alimkuta Maduhu nyuma ya kanisa anapiga lipu ukuta wa udongo wa sakristia, uliochimbwa na mvua. Alikuwa peke yake, amefunga kitambaa kichwani, mikono imejaa udongo. Alipomwona Padre akafurahi kweli kweli, akanawa haraka, akaja kumpokea begi.

"Shikamoo, Padre. Tulikutegemea Jumapili."

"Marahaba. Hongera ya mtoto."

"Wabeja sana, Padre," Maduhu alishukuru kwa Kisukuma. "Nimesikia analia kwenye simu. Ana sauti huyo."

Padre Donatus alimwomba waketi. Waliketi kwenye ngazi, mahali pao pa kila jioni, lakini ilikuwa saa kumi, jua bado kali, na redio ilikuwa ndani. Akatoa bahasha, akampa. Maduhu akaifungua, akaisoma polepole, midomo ikicheza. Uso wake ukafunguka.

"Kabla hujashukuru," Padre alisema, "nisikilize. Barua hii ningeweza kukuandikia mwezi wa kwanza. Wino ulikuwepo. Muhuri ulikuwepo. Sikutaka uondoke. Nilikuzuia kwa sababu yangu mwenyewe, ili niwe na mtu wa kuongea naye jioni. Nimekukosea wewe, nimemkosea Mariana, nimewakosea watoto. Naomba unisamehe."

Maduhu alikunja barua kwa mikunjo yake ileile, akairudisha kwenye bahasha. Ukutani udongo wake ulikuwa unaanza kukauka kabla haujasawazishwa, na alikuwa anautazama.

"Mimi nilidhani nina kasoro," alisema mwisho.

"Kasoro gani?"

"Sijui. Ndiyo nilikuwa natafuta. Nilidhani umesikia neno baya juu yangu, Padre, na kwa upole wako hutaki kuniambia, ndiyo maana huandiki. Usiku nilikuwa nahesabu mambo yangu, moja moja. Nilifika hadi yale ya utotoni." Akapangusa udongo kwenye kucha. "Na Mariana alinipigia mwezi wa sita akaniambia, sema tu kama umepata mwanamke huko. Nikamwapia. Hakuamini. Mwanamke gani atakaa Nyambulwa?"

Padre Donatus alifumba macho. Alikuwa amejiandaa kwa hasira. Hili hakuliwaza, kwamba mtu yule alikuwa ameketi pembeni yake jioni zile zote, anakula ugali, anacheka mpira, huku anajikagua kama mgonjwa.

"Hukuwa na kasoro," alisema. "Hata moja."

"Ndivyo barua inavyosema," Maduhu alijibu. Hakukuwa na kejeli kwenye sauti yake, na hakukuwa na msamaha. Akainuka. "Muhuri haujagongwa, Padre. Tuugonge."

Waliugonga ofisini, pamoja, Maduhu ameshika karatasi isicheze. Kisha akarudi kumaliza ukuta wake, akaumaliza wote hadi kona, jua likiwa linashuka. Jioni hakuja kwenye ngazi.

Aliondoka asubuhi, pikipiki ya kwanza. Mali zake zilikuwa godoro lililokunjwa, sanduku la bati na jembe. Mama Scolastika, yule bibi wa karanga, alikuja kumuaga, akichechemea, na karanga kwenye kibuyu. Alimbariki kwa Kisumbwa, maneno mengi, akamshika kichwa kama mwanawe. Kwa kawaida Maduhu akisafiri hupiga goti mbele ya Padre kuomba baraka. Siku hiyo alimpa mkono.

"Wagonjwa nimekuandikia," alisema. "Daftari liko juu ya kabati la sakristia. Yule mzee wa ng'ambo ya bonde anapenda kupelekewa komunyo Ijumaa, siyo Jumamosi. Jumamosi anakwenda mnadani."

"Nimesikia."

"Haya, Padre. Tuombeane."

Padre Donatus alimkabidhi ile karatasi ya Gulnaz. Maduhu aliibonyeza kidogo kujua kilichomo, akaiingiza kifuani ndani ya koti, akapanda. Vumbi la pikipiki lilikaa hewani muda mrefu, kwa kuwa hapakuwa na upepo.

Yaliyofuata ni miezi ya kawaida. Jumapili alipiga kengele mwenyewe, akawasha mishumaa mwenyewe, akaanzisha nyimbo mwenyewe, na kwa kuwa hakujaliwa sauti, Mama Scolastika akazipokonya. Daftari la wagonjwa lilimpeleka mahali ambapo hakuwahi kwenda, kwani Maduhu ndiye aliyekuwa akienda. Ijumaa alivuka bonde. Mzee wa huko alikuwa hajui Kiswahili zaidi ya salamu na majina ya ng'ombe kwa rangi zao. Waliketi, wakatazama ng'ombe, mzee akataja rangi. Wakati mwingine ilikuwa ni hayo tu mchana mzima, naye Padre alirudi kwa miguu bila kujua kama amefariji mtu au amekaa tu.

Jioni zilikuwa mbaya. Hili hakumficha mtu wala hakujificha mwenyewe. Alikula haraka, akazima redio kabla ya taarifa ya habari kwisha, kwa sababu taarifa ilipokwisha hapakuwa na wa kubishana naye. Zipo siku aliweka sahani mbili. Alipogundua, aliirudisha moja kabatini bila kujilaumu, akala.

Mvua zilianza mwishoni mwa mwezi wa kumi. Asubuhi moja alikuwa kwenye kishamba cha Mama Scolastika, anamsaidia kupanda karanga kwa kuwa mguu wake ulikuwa umerudia kuvimba, simu ikaita. Ilikuwa namba ya Maduhu, ya kwanza tangu siku ile.

"Shikamoo, Padre."

"Marahaba, Maduhu. Habari za huko?"

"Nzuri. Nimepokelewa. Wamenipa vigango viwili. Padre, nina shida ya cheti cha ubatizo cha huyu mkubwa, shule wanakitaka. Kitabu cha pili, nadhani ukurasa wa arobaini hivi."

"Nitaangalia leo. Nitampa mtu wa Masumbwe akuletee."

"Wabeja." Nyuma yake mtoto alikuwa analia, na sauti ya mwanamke ikiuliza kitu, Maduhu akamjibu pembeni, "Ni Padre." Kisha akarudi. "Huko mvua imenyesha?"

"Imenyesha. Tunapanda karanga."

"Mpande kwenye tuta, Padre. Ule udongo unatuamisha maji."

"Haya."

"Haya, Padre."

Simu haikuchukua dakika mbili. Padre Donatus aliirudisha mfukoni. Mama Scolastika, aliyekuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akimwelekeza, alimuuliza kwa Kisumbwa ni nani huyo. Neno hilo alilielewa.

"Maduhu," alisema. "Anasema tupande kwenye tuta."

Bibi aliguna, akasema maneno marefu ambayo Padre alishika nusu yake, kitu kama kwamba yeye amepanda karanga kabla baba yake Maduhu hajazaliwa. Padre Donatus akachukua jembe, akaanza kuinua matuta.